Mihogo Juu ya Lami

Pikipiki ilikuwa imekwisha kuondoka, na mama yake Dorine bado alikuwa anasema. Alikuwa amekaa nyuma ya Pitchou, kikapu mapajani, uso ameugeuzia nyumbani huku mwili unakwenda Uvira. Alisema mihogo igeuzwe jua likifika utosini. Alisema mbuzi wa jirani wafukuzwe bila kupigwa. Alisema jioni mawe yote yaondolewe barabarani, lisibaki hata moja. Pitchou, ambaye alikuwa akipeleka abiria Uvira na kuwarudisha Kiringye tangu Dorine hajaanza shule, alicheka chini ya kofia yake akaongeza moto. Vumbi la ukingoni likainuka, kitenge cha mama kikapepea, halafu barabara ikabaki tupu.

Dorine aliwaangalia mpaka wakawa kitu kidogo kinachotetemeka ndani ya joto, kama mdudu juu ya maji.

Alijua kilichokuwa ndani ya kikapu: unga, maharage, na kuku aliyefungwa miguu. Ilikuwa zawadi ya tantine Marie-Rose, mdogo wake mama, aliyekuwa amejifungua huko Rugenge, mtaa wa Uvira. Alijua pia jambo ambalo mama alikwenda kuliuliza. Kama tantine na mume wake wangekubali, Dorine angehamia kwao mwezi wa tisa, aanze sekondari Uvira na kusaidia kubeba mtoto. Lakini mama hakuwa mtu wa kutoa kitu bila sharti.

"Nikirudi nataka nikute mihogo imekauka na hakuna mutu wa kuja kunilalamikia," alimwambia usiku wa kuamkia safari. "Uvira iko na magari, iko na ziwa, iko na batu wengi. Mutoto asiyeweza kuangalia kipande cha barabara, nitamutuma kule namna gani?"

Dorine alikuwa ameliona ziwa mara moja tu, akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Alichokumbuka hakikuwa maji. Alikumbuka mahali ambapo nchi iliishia na mbingu ikaanza chini kabisa, karibu na miguu ya watu. Akifunga macho, alipaona. Siku hizi alikuwa akifunga macho mara nyingi.

Sasa, watu wa Kiringye wana desturi ya kukausha mihogo juu ya lami. Ukiianika chini inashika mchanga, na bugali lake linasaga meno. Ukiianika juu ya majani inaota ukungu. Lakini lami ina joto la juu na joto la chini, na mihogo iliyolowekwa ikatolewa mtoni hukauka hapo upesi, myeupe kama chokaa. Kwa hiyo kila nyumba ya kando ya barabara ina kipande chake. Asubuhi unavingirisha mawe kutoka mtaroni, unayapanga kuzunguka mihogo yako upande mmoja wa barabara, na magari yanapita upande wa pili. Jioni unazoa mihogo, unarudisha mawe mtaroni. Aliyeyaweka ndiye anayeyaondoa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, na hakuna asiyeijua.

Dorine alikaa kwenye kivuli cha ukuta na fimbo yake mkononi. Mbele yake mihogo ilimetameta. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mto Ruzizi, milima ya Burundi ilikuwa ya buluu, haina uzito, kama moshi uliosahau kupanda. Mbali, pale barabara inapozama, mazigazi yalitandaza maji yao ya uongo juu ya lami, na kila gari lililotoka huko lilikuja kwanza likielea.

Angekaa hivyo siku nzima, kama si watu.

Wa kwanza alikuwa mwendesha pikipiki aliyekuwa na nusu nzima ya barabara mbele yake, wazi, bila hata kuku, lakini akaamua kupita katikati ya mihogo. Alipoitwa, aliinua mkono kusalimia. Kisha lori lilipita taratibu, na abiria waliokaa juu ya mizigo walikuwa wakitafuna miwa na kutupa makapi chini bila kuangalia chini ni wapi. Mama wawili walikutana hapo hapo barabarani, wakaweka ndoo zao chini katikati ya njia, wakaanza kuulizana habari za ndugu mmoja mmoja, huku dereva mmoja akipiga honi na mwingine nyuma yake akipiga honi kwa sababu wa kwanza amepiga.

Na karibu kila aliyepita kwa miguu aliinama, akachukua kipande cha muhogo, akakivunja, akasikiliza kama kinalia, akakirudisha na kusema bado. Dorine hakuwa amemuuliza mtu. Mwanamume mmoja aliyevaa suti ya kwenda misani alivunja vipande vitatu mfululizo, kana kwamba cha kwanza kingeweza kumdanganya.

Lakini aliyemchosha kuliko wote alikuwa jirani yake wa barabarani, Mzee Nyandwi. Kipande cha mzee kilianza pale cha Dorine kilipoishia. Mzee alikuwa na redio aliyoiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa ili imfikie hata yule asiyetaka kusikiliza, na redio hiyo ilikuwa imeshika idhaa mbili kwa pamoja, moja ikihubiri na nyingine ikitangaza mpira. Alitema mate bila kuangalia upepo. Tena alikuwa na tabia ya kusogeza mawe ya mpaka kwa mguu, kidogo kidogo, mpaka jioni kipande chake kinakuwa kimenenepa.

"Muzee, lile jiwe lilikuwa huku," Dorine alimwambia.

"Jiwe linatembea, mwana wangu," mzee alijibu, akiwa amelifumba jicho moja. "Barabara yenyewe inatembea. Weye unalala, ndiyo maana huoni."

Jioni baba yake aliporudi kutoka kwenye mashamba ya mpunga, Dorine alimhesabia yote, kuanzia suti mpaka redio. Alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, kwamba watu wa Kiringye hawana akili hata ya kujazia kijiko. Baba, mtu wa maneno machache, aliendelea kula. Aliuliza tu kama mawe yameondolewa. Siku hiyo yalikuwa yameondolewa.

Kesho yake jua lilitoka kali tangu mapema, na hewa ilikuwa nzito. Mihogo ilikuwa imefikia pale ambapo siku moja zaidi ingetosha. Mwendesha pikipiki wa jana alipita tena katikati yake, akainua tena mkono. Alama ya gurudumu ilibaki nyeusi juu ya vipande vyeupe, toka mwanzo mpaka mwisho.

Hapo Dorine aliinuka. Aliteremka mtaroni, akachagua jiwe ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitumia, kubwa, lenye ncha, la rangi ile ile ya lami. Alilisukuma kwa mabega na magoti mpaka likafika juu. Hakuliweka kwenye mpaka wa mihogo yake. Alilipeleka nje zaidi, karibu na katikati ya barabara, mbele ya kipande cha Mzee Nyandwi, mahali ambapo pikipiki zilianza kukata kona kuingia. Waone sasa, alijiambia. Wajifunze.

Na kweli, pikipiki zilianza kuzunguka mbali. Redio ya mzee ilikuwa imeishiwa betri. Ilikuwa kama mtu ameshusha pazia juu ya kelele zote. Dorine alirudi kivulini, akaegemeza kichwa ukutani, na barabara ikaanza kugeuka maji. Alijiona anateremka njia za Rugenge na daftari kwapani, na mwisho wa kila njia palikuwa na ule mwanga wa chini. Alisikia wanawake waliotoka Makobola na ndagala, dagaa wa ziwani, wakiita wanunuzi. Alisikia mtoto wa tantine akilia, naye akimbembeleza kwa wimbo ambao bado hakuujua. Milima ya Burundi ilikuja karibu, ikarudi, ikaja tena. Hakuona kwamba nyuma yake, upande wa milima ya Itombwe, mbingu ilikuwa imebadilika.

Upepo ndio uliomwamsha. Ulikuwa mwisho wa mwezi wa nane, na hakuna aliyekuwa akingoja mvua. Matone ya kwanza yalianguka makubwa, moja moja, yakaacha madoa juu ya lami yenye joto, na harufu ikapanda. Dorine aliruka na kuanza kuzoa mihogo kwa mikono, akaijaza ndani ya turubai, akashindwa kulibeba. Ghafla kulikuwa na mikono mingine. Mzee Nyandwi alikuwa ameshika ncha ya pili, akimwambia avute, asisimame. Walilipeleka turubai barazani, wakarudi na gunia, wakalijaza, wakalipeleka, wakarudi tena. Mzee alikuwa akihema kama mlango mbovu. Mihogo ya Dorine ilipokuwa yote ndani, mvua ilikuwa imekwisha kuwa ukuta, na ya mzee ilikuwa bado barabarani, inaelea.

Mzee aliiangalia, akafuta uso. Alisema imerudi mtoni ilikotoka, akaingia kwake kubadilisha nguo.

Mvua ilipokatika, jua lilikuwa linazama. Dorine alitoka, akarudisha mawe yake ya mpakani mtaroni, jiwe kwa jiwe. Barabara ilikuwa imelowa na inang'aa, mbingu yote nyekundu imelala ndani yake, na yeye alitembea juu ya hiyo mbingu taratibu, bila haraka, akiwa bado nusu ndotoni. Lile jiwe jeusi halikuwa kwenye mpaka wake. Macho yake yalipita juu yake kama yanavyopita juu ya lami.

Aliingia ndani. Alikuwa anapuliza moto wa chakula aliposikia injini ikija, kisha kishindo, kisha chuma kinachoburuzwa, kisha hakuna.

Watu walifika wakikimbia kutoka kila nyumba. Pikipiki ilikuwa imelala kwa ubavu, gurudumu linazunguka. Pitchou alikuwa ameketi kando ya mtaro, mkono wake wa kulia ameukumbatia kwa wa kushoto, na mkono huo ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Ndagala wakavu walikuwa wametapakaa juu ya lami kutoka kwenye mfuko uliopasuka. Alipomwona Dorine, alijaribu kucheka.

"Ndagala ni zako," alisema. "Tantine yako ndiye amekutumia. Mama yako atarudi kesho kutwa. Amesema nikuambie wamekubali. Utaenda kusoma Uvira."

Wanaume walimbeba Pitchou kwenda kituo cha afya. Mmoja wao alilipiga teke lile jiwe, akasema limelala mbele ya kipande cha Nyandwi, na wengine wakasema hilo ni la Nyandwi, nani mwingine.

Usiku ule Dorine alikuwa na kila alichokitaka. Mihogo ilikuwa salama, tantine amekubali, na hakuna mtu aliyekuwa akimtafuta. Alifunga macho ili aende ziwani. Aliona gurudumu linazunguka.

Asubuhi kapita, mkuu wa kijiji, Bwana Herménégilde, aliita watu kwenye baraza la mashine ya kusagia. Alikuwa mtu mpole aliyependa mambo yaishe kabla jua halijawa kali. Alisema mkono wa Pitchou umevunjika, atakaa miezi bila kuendesha, na nyumba yake inakula kutokana na pikipiki hiyo. Kisha akamwuliza Mzee Nyandwi kuhusu jiwe.

Mzee alisimama, kofia mkononi. Alitafuta ndani ya kichwa chake.

"Minye ni muzee," alisema mwishowe. "Jana mvua ilinikuta niko nakimbia huku na huku. Sikumbuki kuliweka lile jiwe. Lakini ninasahau vitu vingi siku hizi. Kama lilikuwa mbele ya mihogo yangu, basi linaweza kuwa langu."

Hapo kila mtu alipata la kusema. Mmoja alitaja redio. Mwingine alitaja mate. Wa tatu alisema mzee anasogeza mawe ya watu kila siku, na wanafunzi waliokuwa nyuma walicheka. Dorine aliyasikia maneno hayo yakipita moja baada ya jingine na akayatambua yote. Yalikuwa yale yale aliyomhesabia baba yake wakati wa kula, na sasa yalikuwa yanatumika kumfukuzia mtu. Kapita alisema ataamua hivi: Nyandwi asianike tena barabarani, akaanike uani kwake. Mzee alikubali kwa kichwa. Uani kwake palikuwa na matope na kivuli cha migomba, kila mtu alijua, na barabarani ndipo mahali pekee ambapo aliongea na watu.

Dorine alimwangalia baba yake. Baba alikuwa akiangalia chini. Kukaa kimya kulikuwa rahisi sana, kama kulala. Ilitosha kutofanya kitu, na mwezi wa tisa ungefika wenyewe.

"Lile jiwe ni langu," alisema.

Hawakumsikia mara ya kwanza. Alirudia.

Kapita alimtazama kwa mashaka. "Lako namna gani? Lilikuwa upande wa muzee."

"Nililivingirisha minye. Niliweka katikati ili pikipiki zisikanyage mihogo. Jioni nililisahau." Aligeuka kumwangalia mzee. "Muzee hakuligusa. Alikuwa ananisaidia kubeba mihogo yangu. Yake ikaharibika."

Kisha mwanamke mmoja, aliyekuwa mmoja wa wale wenye ndoo, alicheka puani. "Huyu ndiye mutoto wa mama Pudentienne? Mwenye kusema sisi wote hatuna akili?"

Watu walicheka, na Dorine alikaa ndani ya kicheko hicho bila kukimbia. Mzee Nyandwi hakucheka. Alivaa kofia yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba anashukuru, kwa sababu alikuwa ameanza kuogopa kichwa chake mwenyewe. Kapita aliondoa neno lake juu ya mzee. Kuhusu Dorine, alisema atamngoja mama yake.

Mama alirudi kesho yake kwa lori, na habari zilimpokea kabla hajashuka. Hakumpiga Dorine wala hakupaza sauti. Alimwambia achukue ndoo ya unga, wakaenda nyumbani kwa Pitchou. Dorine alipiga magoti, akaomba msamaha mbele ya Pitchou na mke wake Fanny. Pitchou, amelala kitandani mkono umefungwa kifuani, alikuna ndevu kwa ule mzima, akasema na yeye taa yake ya mbele ilikuwa imekufa siku nyingi, kila siku anasema kesho ataitengeneza. Fanny alimwambia kwamba hilo alitakiwa kulisema mbele ya kapita, si kitandani.

Waliporudi, mama alitangulia njiani. Jioni ilikuwa tulivu, bonde lote limetandwa na rangi ya asali, na ng'ombe walikuwa wanarudi wakiwa wamefunikwa na vumbi lao. Mwishowe alisimama.

"Uliona wote waliokosea," alisema. "Yule wa pikipiki, wale wa miwa, muzee wa watu na redio yake. Uliona sawasawa, sikukatalii. Lakini ulikaa unawahesabu wao mpaka hukubakiwa na macho ya kujiangalia weye. Barabara ni ya batu wote, Dorine. Ukikasirika na mumoja, ukaweka jiwe, halimungoji huyo peke yake. Linamungoja yeyote atakayekuja."

Dorine aliuliza kuhusu Uvira, ingawa alijua.

"Mwaka huu hapana," mama alisema. "Nilisema nisikute mutu wa kunilalamikia, nikakuta kijiji kizima. Pitchou hawezi kuinua kitu, na Fanny ana batoto wadogo. Utamuchotea maji mpaka mkono upone. Lakini ulisimama ukasema ukweli wakati ilikuwa rahisi kunyamaza. Huyo mutoto nitamutuma Uvira bila wasiwasi. Nitamutuma mwaka ujao."

Ikawa hivyo. Mkono wa Pitchou uliunga baada ya Noeli, ukabaki haunyooki vizuri, na akarudi kwenye pikipiki yake na taa mpya. Dorine alichota maji kwa Fanny muda huo wote, na alisoma mwaka wa kwanza wa sekondari hapo hapo Kiringye. Tantine Marie-Rose alipata msichana mwingine wa kumsaidia, binti wa jirani. Mzee Nyandwi alianika mihogo juu ya lami misimu miwili zaidi, halafu miguu ikakataa, akaenda kukaa kwa binti yake. Kapita Herménégilde alipokea wadhifa mwingine akahamia kijiji kingine. Mama na baba wako pale pale. Dorine alihamia Rugenge mwaka uliofuata, na yuko huko mpaka leo, anasoma.